Gauni jeupe na shela: yalikotoka, na namna ya kuyachagua bila kuuza mtamba

Wiki tatu zilizopita, katika kipindi chetu cha Jumamosi asubuhi, tulisoma ujumbe wa msikilizaji mmoja kutoka vijiji vya juu huku Usambara. Alianza na shikamoo kwa watangazaji wote, kisha akaeleza yaliyomsibu. Anafunga ndoa baada ya mavuno. Wifi zake watarajiwa wamemwambia kwamba bibi harusi asiye na gauni jeupe la mkia na shela refu si bibi harusi, ni mgeni mwalikwa. Duka la mjini linataka fedha ya kukodi pamoja na dhamana, na fedha hiyo baba yake hana. Mzee ameshaanza kumtafutia mtamba wake mnunuzi. Swali la dada huyu lilikuwa moja tu: nikivaa gauni la kawaida, ndoa yangu itahesabika?

Simu zililia mpaka kipindi kikaisha. Bibi mmoja alituambia yeye aliolewa kwa doti moja ya kanga na amezaa watoto tisa. Fundi cherehani akapiga kulalamika kwamba wateja wanamletea picha za kwenye simu na kitambaa cha pazia. Mzee wa kanisa naye akataka mabega yafunikwe, simu ikakatika kabla hajamaliza. Tuliahidi kuandika, na leo tunatimiza.

Tuanze na jibu, ili aliyebakiwa na bando dogo aondoke nalo. Ndoa inahesabika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka hiari ya wote wawili, taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, mfungishaji mwenye mamlaka, na mashahidi wasiopungua wawili. Hakuna mahali inapotaja gauni. Kwa Waislamu mambo yanayotakiwa yanajulikana: walii, mashahidi, mahari, na kauli ya kuozesha na kukubali. Kanisani nako mchungaji au padre huuliza kama mmekuja kwa ridhaa yenu, haulizi kitambaa kimetoka wapi.

Lugha yetu yenyewe imeshatenganisha mambo haya. Ndoa ni lile agano. Harusi ni ile shangwe. Gauni na shela ni mali ya harusi, na harusi kila mtu huifanya kwa kadiri ya mkono wake. Lakini hatutaki kumwambia dada huyu kwamba gauni ni upuuzi. Msichana aliyekua akiwatazama dada zake wakitoka kanisani wamemeremeta ana haki ya kuitamani siku hiyo. Tunachotaka ni ajue anachokitamani kimetoka wapi na kinavaliwaje, ili anayeuza au kukodisha asimtishe kwa neno "desturi".

Weupe huu umri wake ni mdogo

Wengi wetu tunadhani gauni jeupe limekuwepo tangu enzi za Adamu na Hawa. Sivyo. Huko Ulaya lilikotoka, kwa karne nyingi bibi harusi alivaa gauni lake zuri kuliko yote, la rangi yoyote: buluu, kahawia, jekundu, hata jeusi. Binti wa mkulima alishonewa gauni ambalo baada ya harusi angelivaa Jumapili na sikukuu kwa miaka kadhaa. Ni hesabu ileile anayoifanya mama wa Kitanzania anaponunua kitenge cha Krismasi au Idi.

Mambo yaligeuka tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na binamu yake Albert jijini London. Alikuwa na umri wa miaka 20. Alivaa gauni la satini nyeupe iliyofumwa hukohuko London, na juu yake lesi iliyofumwa kwa mkono na wanawake wa jimbo la Devon, zaidi ya 200 kwa hesabu. Kichwani hakuweka taji la kifalme. Aliweka shada la maua ya mchungwa na shela la lesi. Uchaguzi ule ulikuwa na sababu ya kiuchumi ndani yake: mashine za kufuma lesi zilikuwa zinawanyang'anya mafundi wa mkono riziki yao, na malkia alitaka kazi yao ionekane. Kwa maneno mengine, gauni maarufu kuliko yote lilikuwa tangazo la mafundi wa nyumbani.

Picha zake zilichapishwa, matajiri wakaiga. Na walioweza kuiga walikuwa matajiri hasa, maana siku zile kufua nguo nyeupe katika miji iliyojaa moshi wa makaa ya mawe ilikuwa kazi ya watumishi. Nyeupe ilisema: nina uwezo. Ile maana ya usafi wa moyo na ubikira ilikolezwa baadaye. Mwaka 1849, miaka tisa tu baada ya harusi ile, gazeti moja la wanawake nchini Marekani lilikuwa tayari linaandika kana kwamba nyeupe ni desturi ya tangu zama za kale. Miaka tisa! Hapo ndipo unapoona jinsi jambo jipya linavyoweza kuvaa mvi kwa haraka.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Victoria ambalo wenye maduka hawalisemi. Hakuivaa lesi ile siku moja kisha akaifungia kabatini. Aliibandika kwenye magauni mengine katika shughuli za miaka iliyofuata, na alipofariki mwaka 1901 alizikwa na shela lake la harusi. Mjukuu wa mjukuu wake, Malkia Elizabeth wa Pili, aliolewa Novemba 1947, Uingereza ikiwa bado na mgao wa nguo baada ya Vita Kuu ya Pili. Naye alilazimika kuwa na kuponi za kununulia kitambaa. Wanawake kutoka pembe zote za nchi walimtumia kuponi zao, zikarudishwa kwa sababu sheria haikuruhusu kumpa mtu mwingine. Na mwaka 2020 mjukuu wake Elizabeth, Beatrice, aliolewa akiwa amevaa gauni kuukuu la bibi yake, la kuazima, lililofanyiwa marekebisho na kuongezewa mikono. Mjukuu wa malkia ameazima. Wifi zake dada yetu wanaweza kuelezwa hilo.

Kwetu huku gauni jeupe lilipanda milima pamoja na misheni, mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea. Kabla ya hapo, na sambamba na hapo, bibi harusi alikuwa na mavazi yake. Pwani, kanga ya kisutu, ile ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, ndiyo kanga ya harusi mpaka leo, na mama yeyote wa Pangani au Tanga mjini ataitambua akiwa upande wa pili wa barabara. Oman, nchi yenye undugu wa siku nyingi na pwani yetu, rangi ya bibi harusi kwa desturi ya sehemu nyingi ni kijani. India ni nyekundu. Kwa hiyo mtu akisema "vazi la kimila", muulize kwanza: la mila ipi?

Shela ni kongwe kuliko gauni

Hapa ndipo penye historia ndefu. Kufunika uso wa bibi harusi ni jambo la kale sana. Warumi wa zamani walimfunika bibi harusi kwa shela lenye rangi ya mwali wa moto. Katika kitabu cha Mwanzo, Rebeka alipomwona Isaka kwa mbali alichukua shela akajifunika. Na wahubiri wengi wanapofika kwa Yakobo aliyepewa Lea badala ya Raheli hupenda kutania kwamba ndiyo maana bwana harusi wa siku hizi hulifunua shela mbele ya watu wote, ahakikishe mali yake.

Kwetu hatukuhitaji neti ya kutoka ng'ambo ili kulijua jambo hili. Bibi harusi kufunikwa kanga, akaongozwa na somo yake huku ameinamisha kichwa, ni kitu ambacho bibi zetu wengi wamekipitia. Bibi aliyetupigia simu alisema alihesabu miguu ya watu tu, uso wa mtu hakuuona mpaka jioni. Kusitiri, kisha kufunua. Shela jeupe limeingia kwenye nafasi iliyokuwa imeshaandaliwa, na pengine ndiyo maana limepokelewa kwa urahisi kuliko mavazi mengine ya kigeni.

Sasa aina zake. Mafundi na maduka huyagawa kwa urefu. Lipo fupi la mabegani, ambalo halina usumbufu na linafaa gauni lolote lisilo na mbwembwe. Lipo la kufika kwenye kiwiko, na lipo la kufika kwenye ncha za vidole mikono ikiwa imeteremshwa. Hili la vidoleni ndilo tunalolipendekeza kwa harusi za vijijini, nasi tutalitetea hata mbele ya wifi. Kwenye picha linaonekana refu, nyuma linashuka vizuri, lakini haligusi ardhi. Halikokoti majani, halikanyagwi na watoto wanaobeba maua, na ukipanda gari unalikusanya kwa mkono mmoja.

Baada ya hapo yanakuja marefu: la kugusa sakafu, na lile la makanisa makubwa linaloburuta mita 2 au 3 nyuma ya bibi harusi. Liliundwa kwa ajili ya makanisa yenye njia ndefu ya kati na sakafu ya mawe iliyosuguliwa. Kanisa lenye sakafu ya saruji na mabenchi kumi kila upande halilihitaji, na ua wenye udongo mwekundu utalifanya liwe la rangi mbili kabla hujafika mlangoni. Kama moyo wako umeling'ang'ania, livae ndani ya kanisa tu, kisha livuliwe kabla ya kutoka. Wapambe wawili na vibanio vinne vinatosha kwa kazi hiyo.

Lipo pia shela lenye ukingo wa lesi pande zote, linalolazwa tambarare juu ya kichwa bila kukunjwakunjwa. Asili yake ni Hispania, nalo huitwa mantila. Linampendeza sana dada mwenye gauni lisilo na nakshi, kwa sababu lesi yote iko juu. Tena ni rahisi kwa fundi wa kijijini: neti moja, lesi ya kuzungushia ukingoni, basi. Ile tabaka ya mbele inayofunika uso ni kipande cha pili kinachoshonewa juu ya kile cha nyuma, na urefu wake uishie chini ya kidevu, kwenye kifua. Ikiwa fupi zaidi inapepea na kumwingia bibi harusi mdomoni wakati wa kula kiapo. Tumeliona hilo kwa macho yetu, tena mbele ya kipaza sauti chetu wenyewe.

Kwa dada wa Kiislamu, shela hukaa juu ya ushungi uliokwisha kufungwa na kubanwa vizuri, hivyo kazi yake ni pambo zaidi kuliko sitara. Chagua neti nyepesi isiyouvuta ushungi nyuma.

Na kwa kuwa tumetaja maua: mwaka 2018 Meghan Markle alipoolewa Uingereza, shela lake la mita 5 lilidariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola. Ua la Tanzania lilikuwa lile dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya milima yetu ya Usambara. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na leo linapandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Fundi wako akikuuliza adarizi ua gani pembeni ya shela, jibu unalo, na linaota nyuma ya nyumba ya mtu.

Gauni: kaa, piga magoti, panda gari

Umbo linalodumu kuliko yote ni lile linalobana kifuani na kiunoni kisha kufunguka taratibu mpaka chini, kama herufi A. Humwambii mtu mnene avae hili na mwembamba lile, linawakaa wote. Unaweza kupiga magoti nalo, unaweza kucheza, unaweza kukaa kwenye kiti cha plastiki bila mtu kukushikia. Likiwa na mikono mirefu ya lesi na shingo iliyofungwa, basi umevaa mtindo uliosifika tangu Grace Kelly alipoolewa Monaco mwaka 1956, na Kate Middleton akaurudia kwa namna yake mwaka 2011. Miaka 55 katikati, na ukiweka picha zao pamoja unaona ni ndugu. Mtindo huu una faida nyingine kwetu: unamaliza ugomvi wa mabega na mzee wa kanisa kabla haujaanza. Makanisa yanatofautiana katika hili, kwa hiyo muulize mchungaji au paroko wako mapema, siyo wiki ya harusi. Waliokwisha kununua gauni lisilo na mikono hawana haja ya kulia. Kikoti kifupi cha lesi kinashonwa kwa siku moja.

Gauni lililochanua kama mwavuli linahitaji gagulo lenye tabaka nyingi chini yake. Ni zuri ukumbini. Lakini kabla hujalikodi, lipime kwa mlango wa gari mtakalotumia, na ukumbuke kwamba chooni utahitaji watu wawili wa kukusaidia. Tunasema mambo haya kwa sababu hakuna anayemwambia bibi harusi.

Lile la kubana mpaka magotini kisha kufunguka kama mkia wa nguva, hatulipendi kwa barabara zetu. Tusifiche. Linapendeza ukiwa umesimama. Ukitaka kupanda Noah au ngazi tatu za kanisa, au kupiga magoti kwa baraka, shida inaanza, na mishono ya nyuma ndiyo huachia kwanza. Mwenye kulitaka sana alihifadhi kwa ajili ya ukumbini usiku.

Kuna umbo ambalo mshono wake wa kiuno umepandishwa mpaka chini ya matiti, na kutoka hapo linashuka likiwa limelegea. Ni la miaka mingi na lina heshima zake. Linamfaa mwenye joto jingi, na linamfaa bibi harusi mjamzito, ambaye tunajua yupo na hatuna la kumhukumu. Fundi mwenye busara humwachia nafasi ya ziada bila kumtangaza.

Kitambaa ni nusu ya maamuzi. Satini nzito hulala vizuri na huficha makosa ya fundi, ila inaleta joto. Tafeta inang'aa na kutoa mlio wa kuvutia, lakini hujikunja vibaya. Diana, mwaka 1981, alikuwa na gauni la tafeta lenye mkia wa mita 7.6. Aliposhuka kwenye gari la farasi, ulimwengu mzima ukitazama televisheni, gauni lilikuwa limekunjamana kwa kubanwa mle ndani. Ikiwa mafundi wa familia ya kifalme walishindwa na gari dogo, sisi na Noah yenye wapambe sita tujifunze.

Kukodi, kushona, kuazima, mtumba

Mmoja wetu hapa studio alikodi gauni kwenye duka moja mjini miaka michache iliyopita. Alilirudisha Jumatatu, akaambiwa kuna shanga zimeng'oka chini ya kwapa, na dhamana yote ikabaki hapo. Shanga zile zilikuwa zimeng'oka tangu anachukua, lakini hakuwa na ushahidi. Kwa hiyo ukikodi, fanya hivi kabla gauni halijatoka mlangoni: lipige picha kwa simu mbele, nyuma, kwapani, kwenye zipu na kwenye pindo, mwenye duka akiwa anaona. Iandikwe karatasi inayosema umelipa kiasi gani, dhamana ni kiasi gani, linarudi siku gani na saa ngapi, nani analifua, na ni uharibifu gani unakatwa fedha. Kama mnatoka mbali na basi ni moja kwa siku, sema mapema. Faini ya kuchelewa siku moja inaweza kula faida yote ya kukodi. Na duka lisilotaka kuandika, muage kwa heshima uondoke.

Kushona kuna raha yake, na fedha inabaki kijijini. Lakini mpe fundi muda, siyo wiki mbili. Mwambie ashone kwanza mfano kwa kitambaa cha bei ndogo, akupime, arekebishe, ndipo akate kitambaa chenyewe. Siku ya kupima nenda na viatu vilevile utakavyovaa na sidiria ileile. Pindo liishie sentimita 2 au 3 juu ya sakafu, na kama mtatembea kwenye njia ya miguu, liishie kwenye kifundo bila aibu yoyote. Ukiwa umelivaa, kaa, piga magoti, inua mikono yote miwili kama unayeimba pambio. Kama kuna mahali panalia "krrr", parekebishwe siku hiyo. Gauni likiwa na mkia, mwambie fundi aweke kifungo kiunoni nyuma na kitanzi kwenye mkia, ili baada ya ibada uuinue na kuubana. Ni kazi ndogo kwake, na inakuokoa wewe mchana mzima.

Kuazima kwa shangazi au dada ni jambo jema, nasi tunaona linadharauliwa bila sababu. Gauni kubwa hupunguzwa kwa urahisi. Gauni dogo huongezwa kwa kuondoa zipu ya mgongoni na kuweka vitanzi na kamba za kukaza, hivyo hata likipungua kwa sentimita kadhaa linakaa. Mtumba nao una magauni ya harusi mazuri, mengine yamevaliwa mara moja tu. Likague kwenye mwanga wa jua, siyo chini ya turubai. Tazama makwapa, shingo na pindo. Rangi ya maziwa siyo uchafu, magauni mengi hutengenezwa hivyo, na kwa ngozi zetu rangi ya maziwa mara nyingi inapendeza kuliko nyeupe kali. Usijaribu kuling'arisha kwa dawa yenye klorini, ile tunayoiita jiki. Inaharibu hariri kabisa, na vitambaa vingi vya viwandani huvigeuza njano.

Pasi, mishumaa na udongo mwekundu

Hapa tunaomba usome polepole, kwa sababu ndipo gauni la watu linapoharibikia.

Pasi ya mkaa na neti havipatani. Neti nyingi ni za nailoni au poliesta, huyeyuka kwa joto na kuacha tundu, na cheche moja ya mkaa inatosha. Kama hakuna umeme, litundike shela na gauni kwenye chumba kilichofungwa, weka sufuria mbili za maji yanayochemka sakafuni, mbali kidogo na kitambaa, na uache mvuke ufanye kazi. Mikunjo mingi itashuka yenyewe. Moto wenyewe ubaki nje, sufuria tu ndizo ziingie.

Neti hiyohiyo hushika moto haraka sana. Kama ibada yenu ina mishumaa, shela la mbele liwe limeshafunuliwa na kubanwa nyuma kabla bibi harusi hajausogelea mshumaa, na mpambe mmoja asimame nyuma yake akiwa na kazi hiyo tu. Jikoni akasalimie wapishi baada ya kulivua.

Tope likiruka, usisugue. Acha likauke kabisa, likung'ute kwa brashi laini ya nguo, ndipo upitishe maji baridi na sabuni kidogo, ukigonga kwa kitambaa cheupe.

Shela hutelezea mgongoni pale lisiposhikwa vizuri, hasa kwa aliyevaa wigi. Kichana cha shela kishike msuko ulio chini ya wigi, siyo nywele za wigi lenyewe. Kwa mwenye nywele fupi, fundi ashonee shela kwenye utepe mwembamba unaopita nyuma ya masikio, halafu shada la maua liufunike. Asumini linafaa, na linanukia mpaka jioni.

Dada aliyetuandikia alituma ujumbe mwingine juzi. Shangazi yake wa Korogwe ana gauni la mwaka 2009, lina mikono mirefu, lina doa dogo pindoni. Fundi wa kijijini kwao amesema pindo litakatwa hata hivyo, kwa kuwa shangazi ni mrefu. Shela atashona mwenyewe, la vidoleni, na ameuliza neti inauzwa mita au yadi. Tumemjibu kwamba sokoni kwetu hupimwa kwa mita, na kwamba mita 2 za neti pana zinamtosha, abaki na kipande cha majaribio. Mtamba bado uko zizini.

Jumamosi ijayo baada ya taarifa ya habari ya saa tatu asubuhi tutakuwa na fundi cherehani studio, yule aliyepiga simu kulalamika kuhusu pazia. Andaeni maswali.